Honi ya Kona ya Mahakal

Kiberenge kiliacha reli bila makelele, kama mtu anayetoka mkutanoni kabla ya dua ya kufunga. Mvua ilikuwa imeinyeshea Duars, nchi ya misitu na mashamba ya chai kaskazini mwa India, juma zima, na Mto Sukti, ambao ulipaswa kupita chini ya daraja, ulikuwa umejichagulia njia nyingine chini ya reli. Maji yalikwisha kuzoa kokoto zote. Mataruma yalibaki yakining'inia kwenye vyuma, na kwa aliyetazama kutoka mbali njia ilikuwa nzima kabisa. Phagu Oraon, aliyeshika mkono wa breki, aligundua ukweli pale gurudumu la mbele lilipozama. Akavuta breki. Breki ilifanya kazi yake barabara, isipokuwa hapakuwa tena na kitu cha kusimamia.

Kheya Barman alirushwa akaangukia nyasi za ubavuni mwa tuta. Aliposimama, mdomo umejaa matope, alikiona kiberenge kimelala ubavu katika maji ya kahawia, injini yake ndogo ikifuka mvuke, na Mhandisi Prabir Laha amebanwa mguu chini ya benchi la mbao. Sanduku lenye simu ya njia, bendera na fataki za tahadhari lilikuwa likielea kuelekea msituni.

"Lifuate," Laha alisema.

"Nikufuate wewe au sanduku, mkuu?" Phagu aliuliza, maji kiunoni, mikono yote tayari iko chini ya benchi.

"Sanduku ni mali ya reli."

"Na wewe je?"

Laha alilitafakari swali hilo kwa muda mfupi kuliko lilivyostahili. "Haya, nyanyua," akasema.

Walimvuta hadi juu ya tuta. Muundi wa mguu wa kulia ulikuwa umevunjika, na chini ya goti palikuwa na mkato mrefu ambao mvua ilikuwa ikiuosha upesi kuliko damu ilivyoweza kuufunika. Kheya alifungua mtandio wake akaufunga juu ya jeraha, akakaza kwa kijiti mpaka Laha akauma kola ya koti lake. Mtandio ulikuwa wa kijani, rangi ambayo reli huitumia kumwambia dereva kwamba aje, njia ni salama.

"Unahisi vidole?" Kheya aliuliza.

"Nahisi kila kitu. Punguza maswali."

Kheya hakuwa mtu wa kupunguza maswali. Kazi yake ilikuwa kuchora ramani ya mahali ambapo treni na tembo huelekea kugongana, na kwa miaka kadhaa alikuwa ameuliza kila kitu kinachoulizika: mwinuko wa ardhi, umbali wa mto, mashamba ya mpunga, njia za zamani za makundi, mwendo wa treni, ukali wa kona. Majibu yote aliyaingiza katika hesabu moja, na hesabu ikapaka rangi nyekundu vipande vya reli vilivyostahili kuogopwa. Ilikuwa hesabu nzuri. Ilikosea mahali pamoja tu. Kwenye kona moja ya msitu huu, mbali na maji, mbali na mpunga, mahali ambapo hapakuwa na njia ya tembo katika kumbukumbu yoyote, hesabu ilisema pako salama, na bado tembo walikuwa wakifa hapo mwaka hadi mwaka. Kheya alikuwa na maelezo: madereva huandika kilomita kwa kukisia, na vifo vya mahali pengine vimesukumwa hadi kwenye kona hiyo kwa uvivu wa kalamu. Alikuja kupaona kwa macho, kisha kupafuta kwenye ramani. Ramani ikikubaliwa, penye rangi nyekundu treni zitapunguza mwendo na kupiga honi. Penginepo zitakwenda kwa kasi yote.

Kona yenyewe walikuwa wameipita asubuhi hiyohiyo. Zamani tembo dume aligongwa hapo na treni ya mizigo, akazikwa kandokando ya reli, na watu wa mashamba ya chai wakaweka jiwe juu yake, wakalipaka poda nyekundu, wakalijengea paa la bati na uzio wa mianzi. Tangu siku hiyo hakuwa tena tembo. Alikuwa Mahakal, mungu wa msitu. Reli haikuwa imetoa kibali cha kibanda hicho, wala haikuwa na mtu hata mmoja aliyekuwa radhi kukibomoa. Laha mwenyewe, ambaye aliwahi kuandika barua magazetini kuwakejeli watabiri wa nyota, alimwamuru Phagu apige honi ndefu, akateremka, akaweka mkungu mzima wa ndizi na mabonge ya sukari guru mbele ya jiwe. Kheya akatoa furushi lake la chakula cha mchana.

"Lakini wewe huamini, dada," Phagu alimwambia.

"Siamini."

"Na umetoa."

"Nimetoa kwa sababu mlikuwa mnanikodolea macho."

Sasa walikuwa na njaa, na chakula chote kilikuwa nyuma yao, kwa Mahakal.

Mbele palikuwa na mto, na mto haukuwa na mjadala. Nyuma, ng'ambo ya kona, ilikuwepo stesheni ya Sonajhora, na mkuu wa stesheni aliyewakabidhi kipande hiki cha njia. Mpaka watakaporipoti, hakuna treni ingeruhusiwa kuingia.

"Tusiporipoti atatuma injini ya msaada," Laha alisema.

"Lini?"

"Kwanza atakunywa chai. Halafu atatukasirikia. Akimaliza kukasirika, ndipo atatuma."

Maji yalikuwa yakipanda. Vipande vya tuta vilimeguka na kuporomoka kimoja baada ya kingine, na Kheya akaona kwamba wakibaki hapo injini ya msaada haitakuwa na watu wa kusaidia. Phagu alifungua benchi la kiberenge kwa spana, wakamlaza Laha juu yake, wakaliinua mabegani na kuanza kurudi walikotoka.

Kiu ilikuwa kejeli ya kwanza. Maji yalitanda kila upande mpaka kwenye vigogo vya miti ya sal, lakini ndani yake ulielea mzoga wa mbuzi, na nyuma ya mbuzi kulikuwa na mengine ambayo hawakutaka kuyachunguza. Kheya alitandaza koti lake la mvua juu ya reli mbili, akasubiri mpaka katikati pakajaa, wakanywa kwa zamu, Laha kwanza. Ruba walianguka kutoka majanini wakawaingia shingoni na katikati ya vidole. Phagu aliwang'oa kwa kucha bila kukatisha hatua.

Kisha njia ikakatika. Asubuhi walipita hapo juu ya ardhi ngumu. Sasa maji yalikuwa yametoboa tuta na kupita kwa nguvu, na juu yake reli mbili zilining'inia hewani zikiwa zimeshikilia mataruma kama ngazi iliyolazwa. Taruma moja lilichomoka mbele ya macho yao na kuondoka na mto.

"Nani mzito kuliko wote?" Phagu aliuliza.

"Usianze," Laha alisema.

Benchi lilitengenezwa kukalisha watu wanne bega kwa bega, na urefu wake ulitosha kukingama juu ya reli zote mbili. Wakaliweka hivyo, Laha akiwa juu yake, kichwa upande wa reli moja na miguu upande wa nyingine, mkao ambao kanuni za usalama zinaukataza waziwazi na ambao yeye mwenyewe alikuwa akiufundisha kama mfano wa upumbavu. Phagu alitembea mbele pekupeku juu ya reli ya kushoto, akivuta kwa mkanda. Kheya alitambaa nyuma, magoti juu ya mataruma, akisukuma. Katikati ya pengo chuma kilianza kupanda na kushuka. Kila kiliposhuka, maji yalimgusa tumbo.

"Mkuu, usitikisike," Phagu alisema.

"Sitikisiki mimi. Inatikisika dunia."

Taruma alilokuwa amelipigia goti Kheya lilikatika. Alining'inia kwa viwiko, miguu imechukuliwa na mkondo hadi ikalala juu ya maji, na kwa muda alijua kitu kimoja tu, kwamba viatu vyake vimekwenda. Laha alinyoosha mkono kutoka juu ya benchi akamshika nywele. Ilikuwa njia isiyo na heshima, na ilifaa. Walifika ng'ambo wakalala juu ya kokoto, na kwa muda mrefu hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema kwamba lazima waendelee.

Waliendelea. Uso wa Laha ulikuwa umegeuka rangi ya majivu, na mtandio haukuonekana tena kuwa wa kijani. Kheya alipomgusa shavu, lilikuwa la baridi.

"Tukifika kwa Mahakal," Phagu alisema, "kuna bati, kuna pakavu, na ndizi zipo."

"Tumempa wenyewe. Utamnyang'anya?" Laha aliuliza.

"Sinyang'anyi. Nakopa."

Kheya alikuwa akisikiliza nusu tu. Njaa ilikuwa imempa uwazi wa ajabu wa akili, na akili ilikuwa ikiitazama safari yao kana kwamba ni ya wengine. Msitu wote ulikuwa umefunikwa na maji. Kitu pekee kikavu kilikuwa tuta la reli. Mahali pa juu kabisa pa tuta palikuwa kwenye kona, na kwenye kona palikuwa na chakula. Viumbe watatu wakubwa, wenye njaa, walikuwa wakitembea juu ya reli kuelekea huko, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amehitaji njia ya zamani, wala mto, wala shamba la mpunga, ili kufikia uamuzi huo. Hesabu yake isingewaona.

Karibu na kona alikuta kinyesi cha tembo katikati ya reli, kikiwa bado kinafuka mvuke. Akaomba washushe benchi.

"Hapa ndipo pa kupumzikia?" Laha aliuliza.

Kheya alichuchumaa akakipasua kwa kijiti. Ndani yake palikuwa na nyuzi za maganda ya nazi, vipande vya maganda ya ndizi, uzi mwekundu wa shada la maua, na karatasi ya ubani iliyosomeka jina la duka bila taabu. Alizipanga juu ya taruma moja baada ya nyingine. Mvua iliziosha zikang'aa.

"Hizi si za leo asubuhi," alisema. "Tembo hamalizi kusaga upesi hivyo. Hizi ni za jana au juzi. Anakula hapa kila mara."

"Nani?" Phagu aliuliza.

"Mahakal."

Phagu alizitazama zile nyuzi kwa adabu, kama mtu aliyeonyeshwa picha ya ukoo wake katika hali isiyo nzuri. "Basi zimemfikia," akasema.

Kona ilifunguka mbele yao, na pale palikuwa na kundi. Majike makubwa na ndama wao walikuwa wametawanyika chini ya tuta, karibu na kibanda, matope yamewafika matumboni. Uzio wa mianzi ulikuwa umesogezwa kando kwa uangalifu. Ndizi za asubuhi zilikwisha kuliwa. Jike mmoja, mwenye sikio lililochanika, alikuwa akilamba sukari guru kutoka juu ya jiwe, na wengine walikuwa wakianza kurudi mitini. Walishusha benchi polepole.

"Tungoje waondoke," Laha alinong'ona. "Wanaondoka."

Hapo ndipo honi ilipolia. Ilitoka mbali, upande wa Sonajhora, honi ndefu ya injini inayoukaribia msitu. Mkuu wa stesheni alikuwa amemaliza kukasirika. Kheya alisubiri kuona kundi likikimbia, kwa sababu kila kitabu alichosoma kilisema tembo huikimbia honi, na yeye mwenyewe alikuwa amelinakili jambo hilo bila kulishuku.

Sikio-Lililochanika aliinua kichwa. Wale waliokuwa wakiingia mitini waligeuka. Kisha kundi zima, bila haraka na bila wasiwasi, lilipanda tuta likasimama juu ya reli, nyuso zimeelekea sauti ilikotoka, ndama katikati.

"Hawakimbii," Phagu alisema.

"Wanasubiri," Kheya alisema. "Kaka Laha, madereva hufanyaje wakifika hapa?"

Laha alilijibu swali hilo huku akilielewa. "Wanapiga honi. Kumsalimu. Halafu wanatupa ndizi."

"Wote?"

"Hata mimi, asubuhi."

"Ramani yangu inawaambia madereva wapige honi kila penye hatari," Kheya alisema.

Honi ililia tena, karibu zaidi. Kona ilikuwa kali na miti ilifika hadi ukingoni. Dereva asingeliona kundi mpaka awe amelifikia, na kundi lisingeondoka mpaka liwe limelipwa. Injini iliyokuja kumwokoa Laha ingewapitia wote hao kabla ya kumfikia, ikiwa ingemfikia.

"Bendera," Laha alisema.

"Imekwenda na sanduku."

Phagu alionyesha kwa kidevu. Nyuma ya kibanda, chini ya tuta, palikuwa na mti ambao waumini walifungia matambaa mekundu ya nadhiri. Ili kuufikia na kutokea ng'ambo ya kundi ilibidi mtu ashuke, apite majini chini ya pale waliposimama, kisha apande tena.

"Nenda, Phagu," Laha alisema.

"Hapana, mkuu."

"Ni amri."

"Nifukuze kazi. Mimi siwezi kumvua Mahakal nguo. Dada haamini, aende yeye. Na wewe ukiachwa hapa na dada, wakigeuka, ataweza kukubeba peke yake?"

Hoja ilikuwa kamili pande zote, na Kheya alikuwa ameshavua koti.

"Bendera ikikosekana," Laha alisema, akimshika mkono, "mikono miwili juu, imenyooka. Kila dereva anaijua hiyo. Na usikimbie mpaka uwapite."

Aliingia majini hadi kifuani. Chini palikuwa na mizizi na matope, na miguu yake mitupu ilitafuta njia yenyewe. Tembo walikuwa juu yake upande wa kulia, wakubwa kiasi kwamba hakuwaona kama wanyama bali kama ukuta unaopumua. Walinuka nyasi zilizochachuka na, kwa mbali, ndizi. Aliufikia mti, akaanza kufungua fundo kwa meno. Tambaa lilipoachia, kitu kilimgusa bega.

Ulikuwa mkonga. Ulimgusa shingo, ukampitia usoni, laini na wenye unyevu, ukanusa kiganja chake cha kushoto ambacho kilikuwa kitupu, kisha cha kulia. Kheya hakuvuta pumzi. Katika jicho dogo lililomtazama kutoka juu aliona jambo alilolifahamu vizuri sana: lilikuwa likiuliza. Lilikuwa na swali moja, na Kheya hakuwa na jibu. Mkonga ukajikunja, ukarudi juu.

Alipita. Alipanda tuta ng'ambo ya kundi, akakimbia juu ya mataruma, kokoto zikimchana nyayo, akaizunguka kona, na injini ikatokea: injini na behewa moja, taa imewashwa mchana, ikija kwa mwendo wa mtu anayewatafuta wenzake. Kheya alipunga tambaa jekundu kwa nguvu zake zote.

Dereva aliliona. Akapiga honi.

Ilikuwa salamu ndefu, ya heshima. Hata mara moja katika maisha yake ya kazi hakuwahi kupita hapo asione kitambaa chekundu, na mwanamke anayekipunga kandokando ya Mahakal alikuwa kwake mja kama waja wengine, labda mwenye bidii kidogo. Mkono ulitokea dirishani ukiwa umeshika ndizi. Na nyuma yake Kheya alisikia kokoto zikisagika. Kundi lilikuwa likija.

Alilitupa tambaa. Alisimama katikati ya reli, akainua mikono miwili juu, imenyooka, vidole vimetanuka, akabaki hivyo.

Waja hawasimami hivyo. Magurudumu yalijifunga, cheche zikaruka, chuma kikapiga ukelele uliomwingia mpaka mifupani. Injini ilisimama karibu naye kiasi kwamba joto lake lilimkausha uso. Nyuma yake kundi pia lilisimama, umbali wa kurusha jiwe, likangoja chakula.

"We dada, una akili kweli?" Dereva, mtu mfupi aitwaye Gajen Subba, alikuwa ametoa nusu ya mwili dirishani. "Nilidhani umekuja kuabudu." Kisha akaona kilichokuwa nyuma yake. Mkono wake ukaenda kwenye honi.

"Usipige."

"Niwafukuze vipi sasa?"

"Unawaita. Mmekuwa mkiwaita siku zote. Zima injini, na unipe hizo ndizi."

"Hizi ni za Mahakal."

"Ninampelekea."

Subba alimtazama mwanamke aliyejaa matope, asiye na viatu, mwenye ruba shingoni, akaamua kwamba si wakati wa kubishana. Aliuteremsha mkungu wote. Kheya aliuweka begani. Alitaka kungoja, maana kundi lililonyimwa chakula lingechoka mwishowe, na hilo lingekuwa somo bora. Lakini ng'ambo ya kundi Laha hakuwa na damu ya kugharimia somo. Alishuka tuta upande wa msitu, akaingia majini tena, na nyuma yake akasikia maji yakigawanyika.

Hakugeuka. Alikwenda kuelekea kilima cha mchwa kilichojitokeza ndani ya msitu, mbali na reli, na kila hatua aliitathmini kwa udadisi uliomshangaza mwenyewe: je, huyu wa nyuma ameongeza mwendo, je, wengine wamefuata, je, ndama wameshuka au wamebaki juu? Alipofika kilimani, aliubwaga mkungu na kuzunguka upande wa pili wa mti. Sikio-Lililochanika alifika, akamnusa mara moja kwa mazoea, akainamia ndizi. Wengine wakamfuata. Reli ilibaki tupu.

Injini ilisogea kimyakimya hadi kwa Laha. Phagu alikuwa ameketi na kichwa chake pajani, akimsimulia ubaya wa wakubwa wote aliowahi kufanya nao kazi, ili mgonjwa apate sababu ya kukaa macho.

"Dada yuko wapi?" Laha aliuliza walipompakia.

"Msituni. Anakula na Mahakal."

Laha hakukatwa mguu, ingawa haukunyooka tena. Kheya alimtembelea hospitalini akiwa na ramani, akaitandaza juu ya shuka. Kona haikuwa imefutwa. Sehemu iliyosema madereva wapige honi ilikuwa imeandikwa upya kwa ajili ya njia yote, kwamba wapunguze mwendo na wasipige honi, na kwenye kona yenyewe alikuwa ameweka alama ambayo Laha aliitambua mara moja.

"Hii ni stesheni."

"Nilitafuta alama inayofaa, sikuona nyingine. Kengele inalia, wanakuja, wanakula, wanaondoka."

Laha aliigonga alama kwa kidole. "Basi ifungeni," akasema.

Kuifunga kulichukua muda mrefu kuliko kuifungua. Wanawake wa mashamba ya chai walikataa hesabu za Kheya zote, nao walikuwa na haki, kwa kuwa hazikuwahusu. Aliyewashawishi alikuwa Phagu, ambaye aliwaeleza tu kwamba Mahakal alivuliwa nguo hadharani, mbele ya injini, na kwamba mwenye heshima zake hawezi kuvishwa tena palepale barabarani. Jiwe lilipakiwa kwenye kiberenge kipya. Kheya ndiye aliyenunua kitambaa chekundu. Phagu alisisitiza, akasema jambo hilo halihusiani na kuamini. Walilishusha jiwe hadi kwenye kilima cha mchwa, ndani ya msitu, na hakuna aliyepiga honi.

Tembo hawakuarifiwa. Kwa wiki kadhaa Kheya alirudi kwenye kona kuangalia, na kila aliporudi aliwakuta wamesimama chini ya tuta, mahali pa uzio wa zamani, nyuso zimeelekea Sonajhora. Treni zilipita polepole, bila sauti wala ndizi. Sikio-Lililochanika alinyoosha mkonga kuelekea kila behewa lililopita, akaukunja, akanyoosha tena kwa lililofuata, kama abiria ambaye hakuna aliyemwambia kwamba safari yake imefutwa. Kheya alibaki mpaka behewa la mwisho lilipokwisha kupita na jike yule kugeuka. Wakati wote alikuwa ameacha viganja vyake viwili wazi, vionekane kuwa ni vitupu.